Tonge la Saa Sita

Kwetu, kabla mchezo wa kuigiza haujaanza, mpishi anakula. Anapanda jukwaani na sahani, anakaa kwenye kigoda mbele ya watu wote, anakata tonge la bugali, analichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, anatafuna, anameza. Halafu anafungua kinywa wazi, anageuza uso huku na huku ili hata wa nyuma waone kwamba ndani hamna kitu. Watu wanasema, "Aksanti mama." Hapo ndipo sahani zinagawiwa, na kila mtu akishashika chakula chake, mchezo unaanza.

Mgeni wa kutoka Kinshasa anacheka, anafikiri ni sehemu ya mchezo. Sisi wa Uvira hatucheki. Hapa mtu akikukaribisha kinywaji anafungua chupa mbele ya macho yako na anakunywa wa kwanza. Asipofanya hivyo, utasema tumbo linakuuma na utaaga. Tunaogopa karuho, ile sumu ya polepole ambayo, wanavyosema, unaila leo ukicheka na unazikwa baada ya miezi, watu wakidhani ni malaria. Kama ipo kweli ama ni maneno ya watu, usiniulize minye. Woga wake upo, huo naujua. Ukila kwa mtu usiyemjua bila yeye kuonja, mama yako atakugombeza hata kama una mvi.

Minye naitwa Sidonie. Kama unatafuta mwanamke mupole, pita, uliza nyumba inayofuata. Chumba chetu cha michezo kinaitwa Saa Sita, kiko nyuma ya jiko la Bénédicte, hatua chache kutoka barabara kubwa. Viti ni vya plastiki, jukwaa ni mbao tulizopigilia wenyewe. Tunacheza mchana kwa sababu usiku hapa mtu mwenye akili yuko kwake, na kwa sababu jua halileti fakitire ya kulipa kama umeme. Watu wa ofisi, walimu, wauzaji wa sokoni, wote wanatafuta pa kula saa sita. Basi wanakula kwetu, na wakiwa wanakula tunawapa mchezo wa nusu saa.

Na ni michezo mipya tu, ya tendo moja, iliyoandikwa na watu wa huku, wa ziwani, wa bondeni Ruzizi na wa milimani. Mchezo uliochezwa kwingine hatuutaki. Miaka mingi minye niliigiza michezo ya mashirika, ile ambayo baba hakunawa mikono akafa, mama hakutundika chandarua akafa, mtoto akabaki peke yake kuwashukuru wafadhili. Nimekufa kipindupindu mpaka nikachoka. Siku moja nikasema, sasa nataka kuigiza watu ambao mwisho wa mchezo bado wako hai na bado wanagombana.

Bila Bénédicte hilo lisingewezekana. Yeye ni wa Lemera, kule juu, mimi ni mtoto wa ziwa. Ananiita dada, na mimi namuita yaya, dada mkubwa, kwa sababu amenizidi umri. Mwaka ule maji ya ziwa yalipopanda na kumeza nyumba zetu, tulilala kwenye darasa moja la shule, mkeka mmoja. Yeye alilala upande wa sakafu yenye maji, mimi akaniachia upande wa ukuta. Undugu wetu ulianzia hapo.

Mwenye paseli, kiwanja na majengo yake, ni Papa Gaspard. Hana ubaya, lakini wafanyabiashara wa simenti wanataka kile chumba kiwe depo yao, na aliniambia wazi: "Sidonie, siku nitaingia nikute viti wazi, watu wa simenti watapata funguo. Neno langu ni hilo." Tangu siku hiyo akawa anapita mchana, anasimama mlangoni mikono nyuma, anaangalia viti. Kwa hiyo mimi nilikuwa na kazi moja tu duniani: viti vijae. Na viti vinajazwa na sufuria kwanza, mchezo baadaye. Tumbo likiwa na mashaka, masikio hayasikilizi hata mchezo wa malaika.

Sasa sikia.

Juma lile tulikuwa na mchezo wa Rémy, mkulima wa mpunga wa Luberizi, mchezo wake wa kwanza maishani. Watu wawili wanagombana kwenye shamba la mpunga, mmoja ana ng'ombe, mwingine ana shamba. Wanabishana ng'ombe ni wa nani, mpaka uko wapi, babu ya nani alifika kwanza, na muda wote huo nyuma yao ng'ombe anakula mpunga. Hatumuoni, tunasikia tu anavyotafuna. Mwisho hamna mpunga tena na wao bado wanabishana. Nilipousoma nilicheka peke yangu mpaka Bénédicte akatoka jikoni kuuliza kama nimepata homa.

Jumatatu Bénédicte alipanda jukwaani kama kawaida. Akakata tonge, akachovya, akatafuna. Akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge. Akafungua kinywa, watu wakasema aksanti. Minye nilikuwa nimesimama pembeni, pale ninaposimama siku zote, na niliona koo lake halikusogea.

Mtu mwingine asingeona. Lakini hiyo ni kazi yangu. Nimewafokea waigizaji miaka yote hii: ukinywa maji ya uongo jukwaani, koo lisogee, watu wanaangalia koo, hawaangalii kikombe. Ile ilikuwa kuonja kwa uongo, na aliigiza vizuri kabisa. Aliyemfundisha ni mimi, maana mara ngapi amekaa mlangoni mwa jiko akichambua maharage na kusikiliza mazoezi yetu.

Nikajiambia labda ana jino linamsumbua. Jumanne nikaangalia tena, koo likakaa palepale. Mchezo ulipokwisha niliingia jikoni wakati yeye ametoka kumwaga maji. Kitenge chake kilikuwa kimetundikwa msumarini. Ncha yake ilikuwa imelowa sombe, imefungwa fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na kibonge cha bugali kilichotafunwa. Nilinawa mikono kwa sabuni ya vyombo, halafu nikanawa tena.

Aliporudi nikamuuliza, "Yaya, umeshakula?"

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini? Sijaona ukishika sahani."

"Harufu ya jiko inashibisha," akasema, akageukia sufuria zake. Hakuniangalia. Nikaona kama ameanza kukonda mashavuni, na nikajiuliza ni mpishi gani anakondea jikoni kwake.

Siku hiyo sikula. Nilipewa sahani yangu kama siku zote, nikaizungusha zungusha mkononi, nikaificha nyuma ya pazia. Nilijiona mjinga. Huyu ni Bénédicte, nikasema. Halafu nikakumbuka wanavyosema wazee, kikulacho ki nguoni mwako, na njaa ikaisha yenyewe.

Jumatano asubuhi nilinunua mukeke mbichi mkubwa, samaki wa ziwa letu, bado anang'aa, kwa sababu Bénédicte na mukeke wa kuchoma ni jambo la kumhurumia samaki, huwa anakula mpaka mifupa. Nikauchoma mwenyewe, nikautia ndimu na pilipili, nikamwekea mbele saa sita ikikaribia. "Zawadi," nikamwambia. Aliuangalia ule mukeke kama mtu anayeaga ndugu yake bandarini. "Aksanti sana dada. Nitaula jioni," akasema, akaufunika kwa bakuli.

"Juu ya nini ungoje jioni?"

"Tumbo."

Basi, tumbo. Neno lilelile tunalolisema sisi wote hapa tunapokataa chakula cha mtu tunayemshuku.

Mchana uleule nilimuona mwanaume mmoja kwenye mlango wa nyuma wa jiko, suruali nyeusi imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Waliongea kwa sauti ya chini. Akatoa mfukoni kichupa kidogo kisicho na karatasi wala jina, Bénédicte akakipokea kwa mikono miwili na kukificha kifuani. Waliponiona wakanyamaza. Yule mwanaume akanisalimu kwa heshima, akaondoka kupitia uani.

"Ni nani yule?"

"Ni muntu tu, dada."

Muntu tu. Mficha uchi hazai, nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameshaingia jikoni. Na kama hiyo haitoshi, baada ya mchezo nilimuona Papa Gaspard akitoka jikoni, mahali ambapo haingii kamwe, anacheka peke yake na kutikisa kichwa.

Hapo nikapanga kila kitu kichwani, na kilipangika vizuri mno. Mtu mmoja akiugua kwa chakula chetu, viti vinabaki wazi. Viti vikibaki wazi, Papa Gaspard anatoa funguo bila lawama. Na mwanamke anayejua kupika vile hakosi mlango wa mgahawa mzuri mbele barabarani, zawadi ya mwenye paseli. Niliwaza hayo nikiwa nimekaa kwenye jukwaa langu mwenyewe, na nilimchukia Bénédicte, kisha nikajichukia mwenyewe, halafu nikarudi kumchukia yeye.

Alhamisi asubuhi Vainqueur hakuja. Vainqueur ndiye aliyekuwa anaigiza mwenye ng'ombe. Tulipompigia simu alisema kwa sauti kama inayotoka chini ya kisima kwamba anatapika tangu alfajiri. Noella, anayeigiza mwenye shamba, aliniangalia, halafu akaangalia mlango wa jiko. Nikamwambia Rémy achukue nafasi. Mwandishi anajua maneno yake, nikafikiri. Kumbe mwandishi akiwa mbele ya watu ndiye wa kwanza kuyasahau, na mchezo ulikwenda kama gari lenye pancha.

Lakini tatizo halikuwa Rémy. Tatizo lilikuwa Mama Sabine, muuza vitenge, ambaye kiti chake ni cha mbele katikati na mdomo wake haujui Jumapili. Mwisho wa mchezo alinishika mkono. "Sidonie, tangu Jumanne naona sahani yako inakaa nyuma ya pazia imejaa. Mwenye nyumba hali chakula cha nyumba yake. Na kijana wenu anatapika. Lisemwalo lipo, mama."

"Nani amesema?"

"Bado hakuna," akajibu. "Nitasema minye."

Na alisema.

Ijumaa viti vilijaa kabla ya saa sita. Watu walisimama ukutani, wengine waliegemea madirisha kwa nje. Ningefurahi, kama si mikono yao. Ilikuwa mitupu. Hakuna aliyeagiza hata maharage. Walikuja kumuangalia Bénédicte akimeza. Papa Gaspard alikuwa mlangoni, na nyuma yake wanaume wawili waliokuwa wanapima chumba kwa macho, kutoka pembe mpaka pembe. Hao hawakuhitaji kunieleza wanauza nini.

Bénédicte alipanda na sahani, akakaa kwenye kigoda. Kabla hajagusa tonge, Mama Sabine akasimama. "Mama Bénédicte, hatuna ubaya na weye. Lakini leo tonge moja haitoshi. Leo ukule sahani yote, na maji juu yake, na sisi tuko tunaangalia."

"Njo vile," watu wakakubali. Walilisema kwa utaratibu, karibu kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitisha.

Bénédicte aliangalia sahani. Akaangalia dirisha, jua liko juu kabisa, ziwa linameremeta pale chini. Nikapanda jukwaani, nikainama kama ninayemrekebishia kitenge.

"Kula, yaya," nikamnong'oneza. "Kula tu, yaishe."

"Siwezi kukula, dada. Usiniulize juu ya nini. Siwezi."

Sasa nitakwambia nilichofikiri, bila kupamba. Niliamini. Mtu anayejua chakula chake ni safi, amezungukwa na watu wale, angekula hata kama kinywa chake chote ni kidonda. Yeye alikataa. Basi sumu ilikuwa mle, mbele yangu, kwenye sombe, na ndugu yangu ndiye aliyeitia. Wakati huohuo, nje ya dirisha, mtu alisema "mulozi," mchawi, polepole, kama anayejaribu ufunguo kwenye kufuli. Mwingine akalirudia kwa sauti zaidi. Neno hilo likishatoka halirudi kinywani. Nimeshaona yanayofuata baada yake, na mawe hayaulizi ushahidi.

Ningeshuka tu. Ningeshuka hatua moja kutoka jukwaani, na wale watu wangejua la kufanya, na mimi ningekuwa salama. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba masikio yalikuwa yanavuma. Lakini nilikumbuka ule mkeka darasani. Nikaona mgongo wake ulivyokuwa unalowa usiku, asubuhi anaukausha juani na kusema amelala vizuri. Mtu huyo nisingeweza kumtoa nje kwa mikono yangu, hata kama ni mulozi.

Nikamnyang'anya sahani.

"Jamani, munanidharau," nikawaambia watu. "Hiki chumba ni cha nani? Bénédicte anaonja kila siku kwa niaba yangu. Leo mumetia shaka nyumba yangu, basi mwenye nyumba ndiye atakula. Ama munataka Sidonie awapigie magoti?"

Wachache wakacheka, maana wananijua. Nikamsukuma Bénédicte kwa nyonga atoke kwenye kigoda, nikakaa, nikala.

Ile sombe ilikuwa na mawese na samaki wadogo wa ndagala ndani, imeiva vizuri, tamu, na utamu ule uliniudhi zaidi. Nilikata tonge, nikachovya, nikatafuna, nikameza, nikahakikisha koo linaonekana. Kila tonge nililiaga. Usoni nilicheka, nikajilamba vidole, nikamwambia Mama Sabine kwamba akiendelea kunitolea macho nitamtoza kiingilio cha pili. Katika maisha yangu yote ya kuigiza sijawahi kucheza vizuri kama mchana ule. Sahani ilipokuwa nyeupe, Noella akaniletea maji, nikanywa, nikafungua kinywa, nikageuza uso huku na huku.

Halafu Mama Sabine akasema, "Aksanti mama," kwa sauti ya chini. Akakohoa. "Basi mutupatie sahani, kabla haijapoa."

Walikula. Jiko liliisha mpaka ukoko. Bénédicte aligawa bila kuinua macho, na Rémy akapanda kuigiza mwenye ng'ombe. Alisahau maneno tena, lakini safari hii akaanza kugombana na Noella kwa maneno yake ya kweli ya Luberizi, matusi ya shambani, na watu wakacheka mpaka wakaweka sahani chini. Ng'ombe alipokuwa anatafuna kule nyuma, mzee mmoja alipiga kelele kumwambia Noella ageuke, ageuke aone. Rémy alishuka jukwaani analia na hajui kama ni aibu ama furaha. Ningemkumbatia, ila nilikuwa nasikiliza tumbo langu.

Papa Gaspard alinikuta pembeni. Naye alikuwa amekula, mafuta yako kwenye masharubu. "Leo hata ukuta ulikuwa na watu," akasema. "Nilisema viti wazi. Sijaona kiti wazi. Neno langu ni neno langu." Wale wawili wa simenti waliondoka kwa pikipiki yao bila kuaga. Ulimi wa Mama Sabine ulikuwa umetujazia chumba kuliko tangazo lolote, na mimi sikuwa na nguvu hata ya kufurahi.

Nilikwenda chooni kujitapisha. Nilikuwa nimeshaandaa kidole. Lakini kwenye foleni ya choo, wa kwanza, alikuwa amesimama Mama Sabine. Angenisikia, na mtaa mzima ungesikia baada yake. Nikageuka, nikarudi, nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa kusubiri kufa.

Watu walipotawanyika Vainqueur alitokea, macho mekundu, anatembea akishika kuta. Alikuwa amekunywa kasiksi kwenye ubatizo wa mtoto wa mjomba wake, ile pombe ya ndizi, iliyokuwa haijaiva. Aliomba msamaha. Nilimtukana vizuri sana, na ilinipunguzia kidogo tu, kwa sababu karuho ni ya polepole. Mtu hawezi kusema amepona sumu ambayo haina haraka.

Kwetu jua linatua mapema, maana milima iko nyuma yetu. Kivuli kilishuka mpaka barabarani, kikavuka, kikaingia ziwani, ng'ambo bado kunang'aa. Ndipo Bénédicte alitoka jikoni na sahani moja na kipande alichobakiza cha ule mukeke wa juzi, amekipasha moto. Akakaa karibu nami kwenye ukingo wa jukwaa. Akafumba macho kidogo, midomo ikasogea. Akakata tonge, akatafuna, na koo lake likapanda na kushuka.

"Kumbe sasa unakula," nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Jua limetua," akasema. "Nilikuwa ninafunga, dada. Toka asubuhi mpaka jua litue, maji pia hapana. Ni kikundi chetu cha maombi. Na ni ya siri. Ukitangaza kama unafunga, umeshapata malipo yako kwa watu, Mungu hana deni tena. Njo maana sikukwambia."

Minye ni Mukatoliki. Kwetu kufunga ni Kwaresima, na kila mtu anajua nani anafunga kwa sababu tunanung'unika wote pamoja. Haikunipitia akilini hata dakika moja.

"Na yule wa suruali nyeusi?"

"Shemasi. Aliniletea mafuta ya maombi. Nilipaka kwenye mlango wa chumba chako."

Nikageuka nikaangalia. Mbao za mlango zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Nilikuwa nimeziona tangu jana, nikafikiri ni uchafu wa jiko.

"Na Gaspard? Alitoka anacheka."

"Nilimwambia atuachie chumba. Akakataa. Nikamwambia basi nitamuombea kwa Mungu amulainishe roho. Akacheka."

"Yaya, ulikuwa unafunga kwa ajili ya nini?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake. "Kwa ajili ya chumba, nini ingine? Viti visibaki wazi."

Hapo hasira yote ikanipanda. Nikamwambia alikuwa anamtii Mungu kwa kudanganya watu jukwaani, kwamba maombi yake yalikaribia kutufungia mlango, kwamba wale watu wangemuua, kwamba kama angenipa neno moja tu ningejua la kufanya. Nilisema na mengine ambayo siyarudii. Aliendelea kula polepole, akinitolea miiba ya mukeke kando ya sahani. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Nilijua chakula ni safi. Niliona haina ubaya. Leo njo niliona nimekosea."

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na nilijua nisipolisema pale litakaa kati yetu. Watu walipokuwa wanatoka walikuwa wameshanisifu, huyo ni ndugu wa kweli, ona alivyomuamini mwenzake. Sikutaka na yeye aniamini hivyo.

"Béné," nikasema, "sikukuamini. Nilipokula ile sahani nilijua kuna sumu ndani. Nilijua ni weye umeitia."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Niliona tangu Jumanne unavyoniangalia. Na leo nilikuwa nyuma yako, niko naangalia koo yako. Nilisema, huyu atatafuna tu, atatema kwenye kitenge kama minye. Anajua namna." Akafuta jicho kwa mkono wenye mafuta, akajichafua. "Ukameza, Sidonie. Tonge kwa tonge. Ulijua ni sumu yangu, na ukameza kwa ajili yangu. Nilienda kulia nyuma ya jiko, sufuria ikaungua."

Nikasema tu kwamba nilikuwa na hasira, mtu akiwa na hasira anameza chochote. Akacheka, machozi bado yanatoka.

Halafu akanisogezea sahani. Nikakata tonge, nikachovya, nikatafuna. Yeye alikuwa ameshika la kwake mdomoni. Alikuwa anaangalia koo langu, na mimi nilikuwa naangalia lake, na tukameza.